Maisha ya Marehemu Woody Strode: Mpira, Jeshi na Senema

Askari wenzetu wa Gahanga, nanyi polisi mlindao njia iendayo Nyamata, leo twawasimulia maisha ya marehemu Woody Strode, mchezaji senema mashuhuri wa Marekani.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai, 1914. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la anga, akapelekwa Guam kupakua mabomu. Mwaka 1946 yeye na Kenny Washington waliingia timu ya Los Angeles Rams, wakavunja ubaguzi uliowafungia weusi mlango wa ligi kuu ya mpira wa Kimarekani kwa zaidi ya miaka 10.

Kisha akageukia senema. Mwaka 1960 John Ford alimpa nafasi ya Sajini Rutledge, askari mweusi aliyeshitakiwa kwa uovu asioutenda. Mwaka huohuo, katika Spartacus, aliigiza mtumwa aliyemshinda mwenziwe vitani, akakataa kumwua, akawageukia mabwana waliokaa kutazama, naye akauawa. Mwaka 1968 Mwitaliano Valerio Zurlini alimchezesha kiongozi aliyefananishwa na Patrice Lumumba wa Kongo, jirani zetu.

Mwaka 1984 alicheza L'ultimo guerriero, senema ya Kiitalia ya gharama ndogo iliyoongozwa na Romolo Guerrieri. Dunia imeteketezwa na vita vya nyuklia. Wenye nguvu wanawatangaza wengine kuwa wana sumu ya mionzi, kisha wanawawinda kama wanyama. Mtu mmoja anagundua kuwa tuhuma hiyo ni uongo, naye anawindwa. Strode ni mzee aliyekuwa polisi, anayemwokoa na kumfunza kupigana.

Ufundi wake ni hafifu, lakini sisi hatuwezi kuicheka. Nchini mwetu, mwaka 1994, Watutsi waliitwa mende kabla ya kuwindwa, na kanisa la Nyamata lahifadhi ushahidi. Miongoni mwa wawindaji walikuwamo wenye sare.

Strode alifariki tarehe 31 Desemba ya mwaka huohuo, akazikwa katika makaburi ya wanajeshi huko Riverside, California.

Basi tukumbuke: siku tutakapoambiwa kuwa kundi fulani la raia ni uchafu, wajibu wetu wa kwanza ni kuwakinga raia hao. Sare tuliyopewa ni kwa ajili yao pia.