Clemens von Pirquet: daktari wa watoto aliyetunga neno "aleji"

Huenda umewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ukimpakata mwanao aliyevimba midomo na kujaa vipele mwilini, na kila anayepita anakuuliza: amekula nini? Wakati mwingine unajua. Mara nyingi hujui, na unabaki unahesabu vyakula kichwani, yai, karanga, samaki, maziwa, mpaka unafikia kumnyima mtoto nusu ya vitu vilivyomo jikoni.

Aliyetunga jina "aleji" alikuwa daktari wa watoto, na alilitunga kwa kuwatazama watoto waliokuwa katika hali kama hiyo. Sisi kwa Kiswahili tulikuwa na neno mzio tangu zamani, kwa chakula ambacho mtu hakili kwa sababu kinamdhuru au amekatazwa. Leo maneno hayo mawili yanatumika kwa jambo moja.

Clemens von Pirquet alizaliwa mwaka 1874 karibu na Vienna, Austria, katika familia ya kikabaila. Alianza kusomea theolojia, akahamia falsafa, kisha akaviacha vyote akaenda kusomea udaktari. Alihitimu huko Graz mwaka 1900, halafu akaingia hospitali ya watoto ya Vienna chini ya profesa Theodor Escherich.

Miaka hiyo dondakoo ilikuwa inaua watoto wengi Ulaya. Utando mzito huota kooni mpaka mtoto anashindwa kupumua. Dawa mpya ilikuwa imepatikana: seramu iliyotolewa kwenye damu ya farasi waliokwisha kupewa kinga. Iliokoa maisha, lakini baadhi ya watoto waliochomwa walipata homa, vipele, maumivu ya viungo na kuvimba siku 8 hadi 12 baadaye. Von Pirquet na mwenzake Béla Schick walikaa na watoto hao, wakaandika kila siku walichokiona. Wakagundua jambo moja la ajabu. Mtoto aliyechomwa seramu mara ya pili hakungoja siku hizo zote. Aliumwa siku ileile, pengine ndani ya saa chache, na kwa nguvu zaidi.

Jiulize kama wao walivyojiuliza. Seramu ni ileile, kwa nini mara ya pili mambo yanakwenda haraka hivyo? Jibu lao lilikuwa kwamba mwili wa mtoto umeikumbuka. Kinga ileile inayomlinda ndiyo iliyomletea maradhi. Wakati huo wazo hili lilikuwa gumu kulikubali, kwa sababu kinga ilihesabiwa kuwa mlinzi tu. Walichapisha kitabu chao kuhusu ugonjwa wa seramu mwaka 1905, na mwaka 1906 Von Pirquet akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, yenye maana ya "nyingine" na "kazi", akapata jina la mwili ulioanza kufanya kazi kwa namna nyingine.

(Usichanganye seramu hiyo na chanjo. Chanjo anayopewa mwanao akiwa na wiki 6, 10 na 14, ambayo ndani yake imo kinga ya dondakoo, haina seramu ya farasi. Usiikose.)

Mwaka uliofuata, 1907, alifanya kitu ambacho kwangu mimi ni kikubwa kuliko lile neno. Alitaka kujua ni mtoto yupi ameshaingiwa na vijidudu vya kifua kikuu hata kama haonekani mgonjwa. Aliweka tone la dawa iliyotengenezwa kutokana na vijidudu hivyo kwenye kigasha, akakwaruza ngozi kidogo, na pembeni akakwaruza sehemu nyingine bila dawa ili apate kulinganisha. Baada ya siku moja au mbili alitazama: ngozi ikivimba na kuwa nyekundu kwenye dawa tu, mwili umeshakutana na ugonjwa. Hakuhitaji maabara wala mashine. Daktari yeyote aliyeoneshwa namna ya kukwaruza na namna ya kusoma uvimbe angeweza kukifanya. Mwaka 1908 Mfaransa Charles Mantoux alikiboresha kwa kutumia sindano ndogo ndani ya ngozi, na ndicho kipimo ambacho huenda mwanao amefanyiwa hapa kwetu.

Kipimo cha mzio cha leo ni ndugu wa kile, ingawa kinachotokea ndani ya ngozi si kilekile. Daktari au muuguzi huweka matone ya vitu mbalimbali mkononi au mgongoni: chavua, wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani, manyoya ya paka, yai, karanga. Huchoma kidogo juu ya kila tone, na majibu husomwa baada ya dakika 15 hadi 20, si siku mbili. Pia huweka tone la maji ya chumvi, ambalo halitakiwi kuvimba, na tone la histamini, ambalo lazima livimbe. Lisipovimba, huenda mtoto amekunywa dawa ya mzio siku za karibuni na kipimo hakiaminiki. Kwa hiyo uliza mapema ni siku ngapi kabla unatakiwa kumwachisha dawa kama Piriton au setirizini.

Tiba nayo ilikuja upande mwingine, London. Mwaka 1911 Leonard Noon wa hospitali ya St Mary's alieleza jinsi alivyowachoma watu wanaosumbuliwa na chavua ya nyasi kwa maji ya chavua hiyohiyo, kwa kipimo kidogo sana, akikiongeza polepole mpaka mwili ukaizoea. Noon alifariki mwaka 1913, akiwa kijana bado, kwa kifua kikuu. Mwenzake John Freeman akaiendeleza kazi. Tiba hiyo ipo mpaka leo, kwa sindano au kwa dawa ya kuweka chini ya ulimi, na huchukua miaka 3 hadi 5. Husaidia hasa mafua ya mzio, baadhi ya pumu, na mzio wa kuumwa na nyuki.

Von Pirquet alikwenda kufundisha Baltimore, Marekani, mwaka 1909, akapita Breslau, na mwaka 1911 akarudi Vienna kushika nafasi ya Escherich. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza watoto wa Austria walikuwa na njaa, naye akasimamia kuwalisha kwa msaada wa Wamarekani. Aliweka hesabu ya kupima mahitaji ya kila mtoto kwa kulinganisha vyakula vyote na maziwa. Alipendekezwa kwa tuzo ya Nobel zaidi ya mara moja na hakuipata. Februari 1929 yeye na mkewe walijiua. Sina cha kuongeza hapo, isipokuwa kama na wewe umelemewa, mwambie mtu leo, nyumbani au kliniki.

Wataalamu wa mzio kwetu ni wachache, na wengi wako kwenye hospitali za miji mikubwa. Ndiyo maana kuna haja ya kuwafundisha madaktari wa kawaida wapime na kutibu mzio kwenye kliniki zao. Kuchoma ngozi hufundishika haraka. Kinachohitaji mafunzo ni kusoma majibu. Ngozi ikivimba kwenye tone la yai, na mwanao anakula mayai kila wiki bila shida, hana haja ya kuachishwa mayai. Daktari aliyefunzwa atakuuliza habari nyingi kabla ya kushika sindano: mtoto alikula nini, baada ya dakika ngapi alianza kuvimba, alitapika, alikohoa? Yaandike nyumbani, uende nayo.

Kitu kingine ni usalama. Sindano ya tiba ya mzio inaweza, mara chache, kuleta mshtuko wa mwili mzima, ambapo pumzi hukata na mtoto huzimia. Kwa hiyo hutolewa mahali penye adrenalini na mtu anayejua kuitumia, na mtoto hukaa hapo dakika 30 baada ya kila sindano. Ukiambiwa nenda tu nyumbani, kaa. Na usijaribu mwenyewe kumzoesha karanga kidogo kidogo mtoto aliyewahi kuvimba kwa karanga. Hilo hufanyika chini ya mtaalamu tu.