MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Leo twapenda kuwasimulia wafanyakazi na wanachama wa Nangara, na wa Babati yote, maisha ya mtu aliyecheza kwao zaidi ya miaka 50, akatunzwa fedha nyingi, lakini heshima kamili ya raia akanyimwa. Mtu huyo ni Bill Robinson, Mmarekani mweusi, aliyejulikana kwa jina la Bojangles.

Sanaa yake ilikuwa dansi ya kugonga sakafu kwa viatu. Sisi hatuwezi kuiona ngeni, kwa maana katika ngoma zetu nyingi mchezaji hufunga njuga miguuni ili nyayo zake zijibizane na ngoma. Mwaka 1740, baada ya watumwa kuasi, serikali ya South Carolina ilipiga marufuku ngoma zao, kwa kuwa mabwana waliogopa zisipeleke habari. Ngoma iliponyang’anywa, miguu na mikono ikashika kazi yake. Baadaye mwendo huo ulichanganyika na dansi ya viatu vya mbao ya wahamiaji wa Ireland na Uingereza, ndipo sanaa hii ikazaliwa.

Robinson alizaliwa Richmond, jimbo la Virginia, tarehe 25 Mei 1878. Wazazi wake walikufa angali mdogo, akalelewa na bibi yake, mwanamke aliyepata kuwa mtumwa. Tangu utoto alicheza mitaani ili apate senti za kujikimu.

Mwaka 1902 aliungana na George Cooper katika vodevili, yaani maonyesho ambamo waimbaji, wachekeshaji, wachezaji na wafanya mazingaombwe walifuatana jukwaani usiku mmoja. Kwa desturi ya wenye majumba hayo, mtu mweusi hakuruhusiwa kupanda jukwaani peke yake. Sharti wawe wawili. Tena weusi wengi walitakiwa wajipake masizi usoni ili watazamaji wapate kicheko. Robinson na Cooper hawakujipaka. Walipoachana mwaka 1914, Robinson akaendelea peke yake, akawa miongoni mwa weusi wachache wa kwanza kuivunja desturi ile.

Alikuwa mtanashati mno. Suti yake ilinyooka, kofia yake iliinama upande, na mgongo wake ulikuwa wima. Viatu vyake vilikuwa na soli za mbao. Wengi kabla yake walicheza kwa unyayo mzima. Yeye alicheza kwa ncha za vidole, kila pigo likasikika peke yake, safi. Mwaka 1918, katika jumba la Palace mjini New York, alicheza akipanda na kushuka ngazi, na kila kidato kikatoa sauti yake. Mwaka 1935 alicheza ngazini pamoja na mtoto Mzungu, Shirley Temple, katika filamu ya The Little Colonel. Katika majimbo ya kusini kipande walichoshikana mikono kilikatwa. Mkono wa mzee kumwongoza mtoto ulihesabiwa kuwa kosa!

Wako waliomlaumu kwamba katika filamu alikubali kuwa mtumishi mwenye kutabasamu daima. Lawama hiyo si bure, kwani tabasamu lile liliwapendeza waliotaka mtu mweusi abaki jikoni. Lakini yafaa tuulize: ni nani aliyeziandika hadithi zile, na ni nani aliyeyamiliki majumba? Wasanii weusi walipoanzisha chama chao cha kusaidiana mwaka 1937, Robinson alikuwa rais wake wa heshima. Na huko kwao Richmond, alipoona watoto wakihatarisha maisha yao njia panda, alitoa fedha zake ziwekwe taa za kuongoza magari.

Inakadiriwa kwamba alipata zaidi ya dola milioni 2. Ukarimu wake ulizimaliza, na kamari nayo ikala fungu lake. Alipofariki New York tarehe 25 Novemba 1949, hakuwa na kitu. Mazishi yalilipiwa na rafiki yake. Maelfu kwa maelfu walijipanga barabarani kumuaga. Sanamu yake ilisimamishwa Richmond mwaka 1973, karibu na njia panda ile ile.

Basi methali yetu ni ya kweli, lakini haitoshi. Tuzo hutolewa kwa hiari ya mtazamaji, naye aweza kuizuia kesho. Robinson alifunguliwa milango mingi kwa ustadi wake, na nyuma yake milango hiyo ikafungwa tena mbele ya wenziwe wasio na miguu kama yake. Haki ya mfanyakazi haipaswi kungoja mpaka awe hodari kuliko watu wote. Hodari na asiye hodari, wote wawili sharti wapite mlango mmoja. Hilo ndilo linalotufaa kukumbuka tunapomsifu mchezaji huyu, ambaye sifa zake ni halali yake.