McMillan: Bwanyenye wa Juja aliyekosa mrithi

UKITAZAMA mashariki kutoka Murera, katika eneobunge la Juja, utauona mlima Kilimambogo, ambao pia huitwa Ol Donyo Sabuk. Kwenye mteremko wake amezikwa Sir William Northrup McMillan, mlowezi aliyemiliki shamba kubwa la Juja enzi za ukoloni.

Babake, William, alitoka Canada na kutajirika mjini St. Louis, Marekani, kwa kuunda mabehewa ya reli. Northrup alizaliwa mjini humo mwaka wa 1872. Baada ya kurithi mali ya babake aliyefariki 1901, alihamia Afrika Mashariki na mkewe, Lucie. Mwaka wa 1909 walimkaribisha shambani Theodore Roosevelt, aliyekuwa amestaafu urais wa Marekani. Mwaka wa 1918 Mfalme wa Uingereza alimtunukia McMillan cheo cha Sir.

Hata hivyo, wawili hao hawakujaliwa mtoto. McMillan alipofariki 1925, utajiri wa vizazi viwili ulikosa mrithi wa damu. Lady McMillan alichangia pakubwa ujenzi wa maktaba ya kumkumbuka mumewe jijini Nairobi, iliyofunguliwa 1931. Mama huyo alifariki 1957 na kuzikwa kando ya mumewe.

Kwa miaka mingi, Waafrika walizuiwa kuingia katika maktaba hiyo. Ukoloni ulipokaribia kikomo, milango ilifunguliwa kwa wote. Hivyo, jina la ukoo uliokatika linadumishwa na wasomaji ambao zamani wangefukuzwa mlangoni.