Colin Chapman: jamaa aliyeshusha magari

Wewe unayetaka kushusha gari na bado ulipitishe kwa marram ya Ndhiwa, msome huyu jamaa kwanza.

Colin Chapman alizaliwa Uingereza 1928, akasomea uhandisi London. 1948 alijiundia gari kutoka kwa Austin Seven kuukuu, na 1952 akaanzisha Lotus. 1957 akaleta Lotus Seven: jepesi, la chini, likiuzwa kwa vipande. Enzi hizo, ukijiunganishia nyumbani, ulikuwa unakwepa kodi ya gari jipya.

Noma ilikuwa chini ya injini. Gari likiwa chini hivyo, sampu, ile beseni ya oili, ndiyo hugusa barabara kwanza. Jiwe moja, oili yote imemwagika. Ndiyo maana wenye Seven wengi hufunga sampu fupi. Lakini fupi ikibeba oili kidogo, oili inachemka haraka. Ukikata kona, inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na injini inajisaga. Kwa hivyo tafuta iliyopanuliwa kando, yenye vizuizi ndani, na fundi afupishe bomba la kunyonya oili.

Chapman alipenda kupunguza uzito kila mahali. Lotus ilibeba mataji 7 ya timu za Formula 1, lakini madereva wake wakubwa, Jim Clark 1968 na Jochen Rindt 1970, walifia ndani ya Lotus. Yeye mwenyewe moyo ulimzimikia 1982, akiwa na miaka 54.

Sasa pima: kutoka sampu yako hadi chini ni inchi ngapi?