Jack Kirby, Fundi wa Kesho Aliyelipwa kwa Ukurasa

Ukipita vyumba vya hosteli Ijumaa usiku, hasa wiki ambayo bumu limeingia, hukosi laptop moja imezungukwa na watu sita wanaangalia X-Men. Mara nyingi ni ile ya mwaka 2014, Days of Future Past. Dunia ya kesho imeshakwisha, maroboti yanayoitwa Sentinels yanawinda mutanti, yaani watu waliozaliwa na jeni zilizobadilika zikawapa nguvu za ajabu, na kikundi kidogo kilichobaki kinapigania saa zake za mwisho. Filamu ikiisha tunabishana nani ana nguvu kuliko nani, kisha kila mtu anaenda kulala. Sijawahi kusikia mtu akiuliza yale maroboti yalitoka kwenye mkono wa nani.

Mmoja wa waliyoyabuni ni Jack Kirby. Alifariki mwaka 1994, wengi wetu humu tukiwa hatujazaliwa.

Jina alilopewa na wazazi ni Jacob Kurtzberg. Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 jijini New York, Lower East Side, eneo la wahamiaji maskini waliobanana kwenye majengo ya ghorofa. Baba yake Benjamin na mama yake Rose walikuwa Wayahudi waliotoka Austria. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo, na kazi ikikatika huko, nyumbani kila mtu anajua. Vijana wa eneo lile walijigawa kwa barabara, wa Suffolk Street wanapigana na wa barabara za jirani kwa mawe na ngumi, na Jacob alikuwa humo. Alikuwa mfupi, lakini si mtu wa kukimbia. Wachoraji wa leo bado wanashangaa jinsi mtu akipigwa ngumi kwenye kurasa zake mwili mzima unavyoruka kuelekea kwa msomaji. Mimi naona hilo hakulisoma popote, alilipata mtaani.

Kuhusu kusoma, nasomea ualimu kwa hiyo hapa mtanivumilia. Akiwa na miaka 14 aliingia chuo cha sanaa cha Pratt, Brooklyn, akakaa wiki moja tu, akaacha. Pale walitaka mtu akae na mchoro mmoja aukamilishe taratibu. Yeye alitaka kuchora mingi, haraka, aone kinachotokea. Sisemi walimu walikosea, maana hata mimi nikiwa field na darasa la wanafunzi 80 sijui ningemfanyaje mtoto wa namna ile. Ila shule iliyomfaa aliipata kwingine, kwenye klabu moja ya vijana iitwayo Boys Brotherhood Republic, ambako vijana wenyewe walijiongoza na kutoa gazeti lao. Akawa anawachorea katuni. Mengine alijifunza kwa kunakili wachoraji wa magazetini na kwa kwenda sinema.

Miaka ya 1930 alipata kazi studio ya Fleischer, iliyotengeneza filamu za Popeye. Kazi yake ilikuwa kujaza michoro ya katikati ili mwendo wa mhusika uonekane laini. Meza zimepangwa kwa safu, kila mtu na kipande chake. Akaona ni kiwanda kilekile cha baba yake, akaondoka. Baadaye akahangaika kwenye ofisi ndogondogo za katuni akitumia majina mengi ya bandia, na moja likamganda: Jack Kirby.

Huko akakutana na Joe Simon, na pamoja wakamtengeneza Captain America. Toleo la kwanza liliandikwa Machi 1941 lakini lilikuwa madukani tangu Desemba 1940. Jaladani shujaa anampiga Hitler ngumi ya taya. Tarehe hizo ni za kuangalia vizuri: Marekani iliingia vitani Desemba 1941, mwaka mzima baadaye. Wamarekani wengi hawakutaka kusikia habari za vita, na wengine walimpenda Hitler waziwazi. Barua za vitisho zilikuja ofisini mpaka polisi wakawekwa mlangoni. Inasimuliwa kwamba siku moja watu walipiga simu wakisema wako chini wanamsubiri, Kirby akakunja mikono ya shati akashuka, akakuta wameshaondoka. Kitabu kiliuzwa karibu nakala milioni moja. Simon na Kirby waliahidiwa sehemu ya faida, na waliamini kwamba hesabu waliyopewa haikuwa ya kweli. Wakahamia kampuni nyingine. Kirby alikuwa na miaka 24.

Mwaka 1942 alimwoa Rosalind Goldstein, ambaye wote walimwita Roz, na mwaka 1943 akaitwa jeshini. Alifika pwani ya Normandy Agosti 1944, kama wiki kumi baada ya mashambulizi yale makubwa. Luteni mmoja alipojua kwamba huyu ndiye aliyechora Captain America, hakumpa kazi ya ofisini. Alimtuma mbele, kwenye vijiji ambavyo Wajerumani wangeweza kuwa bado wamo, achore ramani arudi nazo. Yaani kipaji chako ndicho kinakutanguliza kwenye risasi! Baridi ya mwisho wa mwaka ule iliharibu miguu yake vibaya, madaktari wakafikiria kuikata. Haikukatwa. Alirudi nyumbani 1945 akiwa askari wa cheo cha chini, na simulizi za vita alizibeba mpaka uzeeni.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Mwaka 1947 yeye na Simon walianzisha vitabu vya katuni vya mapenzi, vikauzwa sana. Mwaka 1954 Bunge la Seneti likahoji kama katuni zinaharibu watoto, wachapishaji wakaogopa na kujiwekea masharti, kampuni nyingi zikafa, ikiwamo waliyoifungua wao wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kirby, baba wa watoto, anatafuta kazi. Akarudi kampuni iliyokuja kuitwa Marvel, ambayo nayo ilikuwa taabani. Mhariri wake alikuwa Stan Lee.

Kilichotokea hapo kati ya 1961 na 1966 ni vigumu kukiamini ukikisoma kwa mpangilio wa tarehe. Fantastic Four 1961. Hulk na Thor 1962. Avengers na X-Men mwezi mmoja, Septemba 1963. Black Panther na nchi yake ya Wakanda 1966. Kirby alikuwa akichora kwenye chumba kidogo chini ya nyumba yake, familia ikakiita gereza, hana dirisha la maana, mdomoni sigara. Kuna miaka alipitisha kurasa 1,000.

Namna walivyofanya kazi ndiyo iliyozaa ugomvi wote. Lee na Kirby walizungumzia hadithi, mara nyingine kwa dakika chache. Kirby anaenda nyumbani, anachora kitabu kizima: nani anaingia, nani anapigwa, uso upi unalia, ukurasa unaishia wapi, na pembeni anaandika maelezo ya kinachotokea. Kisha Lee anajaza maneno ya wahusika. Jina la mwandishi: Stan Lee. Jina la mchoraji: Jack Kirby. Malipo ya Kirby yalikuwa kwa ukurasa, basi. Kama umewahi kufanya kazi ya kikundi ya watu kumi, najua unamfikiria nani sasa hivi. Lakini tusimwonee Lee. Maneno yake yalikuwa na utani na uhai ambao Kirby akiandika peke yake hakuufikia, na ni yeye aliyeijengea Marvel familia ya wasomaji. Wazee hawa wawili walikuja kutoa simulizi zinazopingana kabisa kuhusu nani alibuni nini. Mimi nikitazama walichofanya kabla ya kukutana, naona mbegu nyingi kwenye kurasa za Kirby. Wengine wanasoma ushahidi huohuo wanaona tofauti.

Turudi kwa mutanti. X-Men ya 1963 ilikuwa vijana watano na mwalimu wao, profesa wa kiti cha magurudumu, kwenye shule inayojifanya ya kawaida. Watu hupenda kusema toka mwanzo ilikuwa hadithi ya haki za watu weusi Marekani. Ukisoma matoleo yale ya kwanza hulioni sana hilo. Magneto ni mhalifu tu mwenye kelele, na historia yake ya kunusurika kambi za Wanazi iliongezwa mwaka 1981 na mwandishi mwingine, Chris Claremont. Ila Novemba 1965, toleo la 14, likaja jambo zito. Msomi mmoja, Bolivar Trask, anahofia mutanti watatawala dunia, anatengeneza maroboti ya kuwalinda binadamu. Maroboti yanamgeuka na kutaka kuwatawala haohao binadamu. Ndizo Sentinels. Kirby alipanga kurasa za toleo lile, mwingine akazikamilisha.

Hakukaa sana na X-Men. Kitabu hakikuuza vizuri, na mwaka 1970 kikaacha hadithi mpya kikawa kinarudia za zamani. Kilifufuliwa 1975 na watu wengine, na kundi jipya lilikuwa na Storm, ambaye mama yake ni Mkenya. Mwaka 1981 Claremont na mchoraji John Byrne wakatoa Days of Future Past, matoleo mawili tu. Mwaka wa hadithi ni 2013. Sentinels wametwaa Amerika Kaskazini, mutanti wamefungwa kambini na shingoni wana kola za kuzima nguvu zao, watu wamegawanywa kwa herufi wanazovaa. Kundi lililobaki ni la wazee na waliochoka: Storm ana mvi, Magneto yuko kwenye kiti cha magurudumu. Na waliobuni Magneto, Sentinels na hata kijana Franklin Richards aliyemo mle ni Lee na Kirby. Kirby, Myahudi aliyepigana na Wanazi, hakuchora ukurasa hata mmoja wa hadithi hiyo wala hakupata senti yake.

Wakati huo yeye alikuwa ameshaondoka. Januari 1966 gazeti moja kubwa la New York liliandika kuhusu Marvel, Lee akaelezwa kama nyota, Kirby akafananishwa na msaidizi wa msimamizi kwenye kiwanda cha nguo za ndani za kike. Roz alisoma asubuhi na mapema akakasirika kweli. Fikiria mtoto wa mshona nguo anasoma hivyo. Mwaka 1970 akahamia DC, akaanzisha New Gods, hadithi kubwa ya miungu iliyounganisha vitabu kadhaa, ikakatishwa kabla haijaisha. Akachora Kamandi na OMAC, vyote vya dunia ijayo iliyoharibika. Akarudi Marvel 1975, akaondoka tena 1978 kwenda kwenye katuni za televisheni, ambako kwa mara ya kwanza alipata mshahara mzuri na bima ya afya. Alikuwa na miaka zaidi ya 60.

Michoro yake halisi, ile ya penseli na wino, ilikuwa bado imekaa maghala ya Marvel. Kampuni ilipoanza kuwarudishia wachoraji kazi zao, wengine walipewa fomu fupi ya kusaini. Kirby, mwaka 1984, alipewa ya kurasa nne, yenye masharti ambayo hakuna mwingine aliwekewa, na alichoahidiwa ni kurasa 88. Alikuwa amewachorea maelfu. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi haki zilihamishwa kwa maandishi yaliyopigwa chapa nyuma ya hundi: ukitaka kupata pesa lazima usaini, ukisaini umekubali. Mtu mwenye watoto wanne anasoma nyuma ya hundi saa ngapi? Alikataa kusaini ile fomu. Wachoraji wenzake, vijana na wazee, wakasaini ombi la kumuunga mkono, na mwaka 1987 alipata karibu kurasa 2,000. Nyingine hazikuonekana tena.

Mwaka 1993 Marvel ilianza X-Men 2099, kundi jipya la mutanti katika dunia ambayo serikali zimekwisha nguvu na makampuni makubwa yanamiliki kila kitu. Kitabu hicho kilikuwa madukani bado hakijatimiza mwaka, tarehe 6 Februari 1994, moyo wa Jack Kirby uliposimama nyumbani kwake Thousand Oaks, California. Alikuwa na miaka 76. Roz alimfuata mwishoni mwa 1997.

Watoto wao walianza kudai haki za kazi zile mwaka 2009. Wakashindwa mahakamani, wakashindwa tena kwenye rufaa mwaka 2013, wakapeleka Mahakama Kuu ya Marekani. Septemba 2014, siku chache kabla majaji hawajaamua kama watalisikiliza shauri, pande mbili zilipatana, kiasi hakikutangazwa. Filamu ya Days of Future Past ilikuwa imetoka Mei mwaka huohuo. Baada ya hapo vitabu vya Marvel vikaanza kuandika ukurasa wa mbele kwamba waliobuni ni Stan Lee na Jack Kirby, majina mawili, herufi za ukubwa mmoja.