Sims: Tabibu aliyeshona nasuri kwa miili ya watumwa

KATIKA hospitali nyingi za uzazi duniani kipo kifaa cha chuma kilichopindwa ncha zote mbili, kinachotumiwa kuufungua uke ili daktari aone ndani. Kifaa hicho kinaitwa kwa jina la Sims. Mwenye jina, Dkt James Marion Sims, alifariki mwaka wa 1883, lakini mjadala kuhusu kazi yake haukuzikwa pamoja naye.

Sims alizaliwa Januari 25, 1813, katika eneo la Lancaster, jimbo la South Carolina nchini Marekani. Alisomea utabibu mjini Charleston na baadaye Philadelphia, ambako alihitimu katika chuo cha Jefferson mwaka wa 1835. Aliporejea kwao na kutundika kibao cha kazi, wagonjwa wake wawili wa kwanza walikuwa watoto wachanga waliougua tumbo la kuhara. Wote wawili walifariki. Kijana huyo alikitupa kibao chake kisimani, akafunga virago na kuhamia jimbo la Alabama.

Kuanzia mwaka wa 1840 alifanya kazi mjini Montgomery. Uchumi wa Alabama ulitegemea pamba, na pamba ilitegemea watumwa. Kwa mwenye shamba, mwanamke mtumwa alikuwa na faida mbili: jasho lake na watoto wake, kwa kuwa kila aliyezaliwa naye alikuwa mali ya bwana. Mwanamke aliyeharibiwa na uzazi alihesabiwa kuwa hasara, na ndiposa mabwana wakamwita daktari.

Mnamo Juni 1845, Sims aliitwa kumsaidia Anarcha, msichana mtumwa wa umri wa miaka 17 hivi, aliyekuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua kwa siku tatu. Alimtoa mtoto kwa koleo. Siku chache baadaye, Anarcha akawa hawezi tena kuzuia mkojo wala kinyesi.

Ili kuyaelewa masaibu hayo, yafaa kujua jinsi mwili wa mwanamke ulivyoundwa. Chini ya nyonga kuna misuli na kano zilizotandazwa mithili ya machela, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu ya machela hiyo hukaa kibofu cha mkojo, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa. Mtoto anapopita, misuli hiyo hutanuka mno, na wakati mwingine huchanika au neva zake huumia. Wanawake wengi hupata nafuu baada ya muda. Wengine husalia na mkojo unaochuruzika wanapokohoa, kucheka au kuinua mzigo. Kwa baadhi yao, kibofu au mji wa mimba hukosa pa kuegemea na kushuka hadi ukeni.

Nasuri, ambayo wengi huijua kwa jina la fistula, ni jeraha baya zaidi. Kichwa cha mtoto kikikwama kwa muda mrefu, hukibana kibofu dhidi ya mfupa wa kinena. Damu haifiki kwenye nyama iliyobanwa, nayo hufa na kubanduka. Panaposalia tundu kati ya kibofu na uke, mkojo hutiririka usiku na mchana. Nyuma nako, tundu likitokea kati ya uke na utumbo, kinyesi hupita humo. Anarcha alipatwa na yote mawili.

Baada yake waliletwa wasichana wengine wawili watumwa, Betsey na Lucy, wenye maradhi yayo hayo. Mwanzoni Sims aliwaambia mabwana zao kwamba hakuna tiba. Lakini wakati huo aliitwa kumtibu mwanamke mzungu aliyeanguka kutoka mgongoni mwa farasi na mji wake wa mimba ukapinduka. Alimpigisha magoti na kumwinamisha, na hewa ikaingia na kuutanua uke, mji wa mimba ukarudi mahali pake. Sims akang'amua kwamba katika mkao huo angeweza kuliona tundu ambalo madaktari walikuwa wakilipapasa gizani. Akanunua kijiko, akaupinda mpini wake, akamchunguza Betsey. Tundu likaonekana waziwazi.

Basi alikipanua kijihospitali alichokuwa amekijenga nyuma ya nyumba yake, na akapatana na mabwana wa wasichana hao. Yeye angewalisha na kuwatibu kwa gharama yake. Wao wangewavisha na kuwalipia kodi. Katika maandishi yake Sims alidai kwamba wanawake wenyewe walikuwa radhi. Huenda walitamani kupona, maana hakuna anayependa kuishi akilowa. Hata hivyo, sheria ya Alabama haikumpa mtumwa uwezo wa kukataa. Ridhaa iliyotambuliwa ilikuwa ya bwana.

Lucy ndiye aliyepasuliwa kwanza, mbele ya madaktari wapatao 12 waliokuja kutazama. Upasuaji huo ulichukua takriban saa moja, bila dawa ya kumtia usingizi. Sims alimwachia kipande cha sponji cha kufyonza mkojo, nacho kikaleta uambukizo uliokaribia kumuua. Ilimchukua Lucy miezi miwili au mitatu kupata nguvu tena.

Mwaka wa 1846, dawa ya etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston kuwa inaweza kumlaza mgonjwa asihisi kisu. Sims hakuitumia kwa wanawake hao. Wanaomtetea husema etha ilikuwa ngeni na madaktari wengi waliihofia. Wanaomshutumu hukumbusha kwamba dhana ya kuwa watu weusi hawahisi maumivu sawa na wazungu ilikuwa imeenea miongoni mwa matabibu wa enzi hiyo. Alichowapa ni afyuni baada ya kushonwa.

Kwa takriban miaka minne majaribio hayo yaliendelea, na kila mara mshono ulifumuka. Madaktari wenzake walichoka na kumwacha. Hapo ndipo wanawake wale wale waliokuwa wakipasuliwa walipogeuka kuwa wasaidizi wake, wakishikana mikono na miguu kwa zamu huku kisu kikifanya kazi. Ujuzi uliozaliwa katika chumba kile ulikuwa wao pia.

Mnamo 1849 Sims alimwomba sonara amtengenezee uzi mwembamba wa fedha badala ya hariri, ambayo ilileta usaha. Kwa uzi huo alimshona Anarcha. Ulikuwa upasuaji wake wa 30. Safari hii jeraha likafunga. Baada ya muda mfupi Betsey na Lucy nao walipona. Utumwa wenyewe ulidumu Alabama hadi mwaka wa 1865.

Sims alichapisha njia yake mwaka wa 1852, na mwaka uliofuata akahamia New York. Huko alianzisha Hospitali ya Wanawake mnamo 1855. Baadaye alifanya kazi barani Ulaya, ambako alimtibu hata Eugénie, mke wa mfalme wa Ufaransa. Mnamo 1876 alikuwa rais wa Chama cha Madaktari cha Marekani. Alifariki jijini New York Novemba 13, 1883.

Sanamu yake ilisimamishwa jijini humo mwaka wa 1894, na mnamo 1934 ikahamishiwa kando ya bustani ya Central Park. Aprili 2018, baada ya malalamiko ya miaka mingi, iling'olewa. Mnamo 2021, msanii Michelle Browder alizindua mjini Montgomery sanamu za Anarcha, Betsey na Lucy.

Kwa Afrika Mashariki, habari hizi si za mbali. Mnamo 1974, madaktari Reginald na Catherine Hamlin walifungua hospitali ya nasuri jijini Addis Ababa, na maelfu ya wanawake wametibiwa humo. Humu nchini, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta imewahi kuandaa kambi za kuwafanyia upasuaji wagonjwa wa nasuri. Tangu 2013, Umoja wa Mataifa huadhimisha Mei 23 kuwa siku ya kupigania kukomeshwa kwa maradhi hayo.

Misuli iliyolegea kwa sababu ya uzazi ina tiba nyepesi zaidi. Mwaka wa 1948, daktari Mmarekani Arnold Kegel alieleza mazoezi ya kuikaza na kuiachilia misuli hiyo, ambayo hadi leo wakunga huwafundisha akina mama.

Lakini si sindano ya Sims iliyoifanya nasuri ya uzazi kuwa adimu katika mataifa tajiri. Ni mkunga aliyefunzwa, barabara inayopitika na upasuaji wa kumtoa mtoto kwa wakati. Anarcha alikaa na uchungu siku tatu kabla ya daktari kuitwa. Popote ambapo mama angali anasubiri siku tatu, jeraha lake lingali linazaliwa upya.