Axel Erlandson, mkulima aliyeifanya miti hai kuwa vikapu, ngazi na viti

Axel Erlandson alikuwa mkulima wa maharagi. Hakuna shule ya sanaa iliyomfundisha, wala hakuwa na bwana wa kumuonyesha kazi. Lakini kwa muda wa karibu miaka 40 aliiongoza miti hai ikue katika umbo la vikapu, ngazi, milango na viti, bila kuiua. Alipokufa mwaka wa 1964, hakuna mtu aliyekuwa amerithi ujuzi wake. Ilibaki miti peke yake, na hiyo nayo ilikaribia kupotea.

Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1884 huko New Folden, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Uswidi. Mwaka wa 1902 familia ilihamia California, karibu na mji wa Turlock, mahali Waswidi wengi walikuwa wakifungua mashamba mapya. Huko Axel alilima, akajifunza pia kupima mashamba, akaoa bibi yake Leona, na wakapata mtoto wa kike, Wilma.

Karibu na mwaka wa 1925, katika uzio wa miti shambani mwake, aliona kitu ambacho wengine wangepita bila kukitazama. Miti miwili iliyokuwa ikisuguana ilikuwa imeshikana na kuwa mwili mmoja. Hakuna mtu aliyeiunganisha. Ilifanya hivyo yenyewe. Erlandson akajiuliza kama mtu anaweza kuamua mahali miti itakaposhikana, na umbo litakalotoka hapo.

Jambo lenyewe halitawashangaza wale wanaopandikiza avoka au maembe. Chini ya ganda la mti kuna tabaka jembamba na bichi ambalo ndilo linalonenepesha shina mwaka kwa mwaka. Ukikwangua matawi mawili mpaka tabaka hilo lionekane, ukayakutanisha na kuyafunga kwa nguvu, yataungana na utomvu utapita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tena mti hurefuka kwenye ncha zake tu. Tundu lililotengenezwa katika shina kwenye usawa wa kifua litabaki kwenye usawa wa kifua hata miaka 50 ikipita. Shina litanenepa tu kulizunguka.

Erlandson alianza kwa kuchora umbo kwenye karatasi. Kisha alipanda miche kwa mpango, akaikunja ingali laini, akaiegemeza kwenye fremu za mbao, akakata na kuunganisha, halafu akangoja. Mti wake wa kikapu, ambao ndio unaojulikana kuliko yote, ni miti sita ya aina ambayo kwa Kifaransa inaitwa platane. Aliipanda katika duara, akaifuma kama ukili mpaka ikawa shina moja lenye matundu ya almasi kila upande. Mwingine ulisimama kwa miguu minne. Wengine ulikua kama ngazi, mwingine kama kibanda cha telefone ambacho mtu mzima angeweza kusimama ndani yake. Kwa jumla alitengeneza miti zaidi ya 70.

Hakuwa Mmarekani wa kwanza kujaribu. John Krubsack, mwenye benki katika jimbo la Wisconsin, alipanda miti mwaka wa 1903 ili imzalie kiti, na mwaka wa 1914 kiti kikawa tayari. Mwaka uliofuata kilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya San Francisco. Lakini Krubsack aliikata miti yake ili apate kiti. Erlandson aliiacha yake ardhini iendelee kuishi, na kwa hiyo kazi yake haikuwa na siku ya kwisha.

Kwa miaka 20 hivi alifanya hayo kwa kujifurahisha tu. Mwaka wa 1945 bibi yake na binti yake walitembelea eneo la Santa Cruz, wakaona watu wakipanga mstari kulipia kutazama nyumba zilizoinama. Waliporudi walimwambia Axel kwamba watu wangelipa pia kuona miti yake. Alinunua kipande cha ardhi huko Scotts Valley, kando ya barabara inayoelekea baharini, akang'oa miti yake mizuri pamoja na mizizi na kuihamishia huko. Mwaka wa 1947 alifungua bustani yake na kuiita Tree Circus, yaani sarakasi ya miti.

Sifa zilikuja. Ukurasa wa maajabu wa Robert Ripley, uliosomwa katika magazeti mengi, ulionyesha miti yake mara 12, na mwaka wa 1957 gazeti la Life nalo likaipiga picha. Makuta ndiyo hayakuja, kwa sababu wageni walikuwa wachache na kiingilio kilikuwa kidogo.

Hata hivyo hakuuza siri yake. Alipokuwa akikata na kuunganisha matawi, alijificha nyuma ya pazia ili wapita njia wasione. Watoto walipomuuliza anafanya namna gani, aliwajibu kwamba anaongea na miti.

Mwaka wa 1963, akiwa mzee na mwenye afya dhaifu, aliuza bustani kwa dola 12.000. Tarehe 28 Aprili 1964 akafariki. Wenye mali wapya waliweka sanamu za dinosaria katikati ya miti ili kuvutia wageni, lakini biashara haikudumu. Uwanja ulibadilisha wenyewe, miti ikakosa maji, na mmoja baada ya mwingine ikaanza kukauka.

Aliyeshtuka ni kijana aliyekuwa akisomea ujenzi, Mark Primack. Katika miaka ya 1970 yeye na rafiki zake waliingia uwanjani kwa kificho kumwagilia miti na kuitia mbolea, huku wakijua kwamba wangeweza kukamatwa. Baadaye mfanyabiashara Michael Bonfante alinunua iliyobaki. Kuanzia mwaka wa 1985 zaidi ya 20 ilisafirishwa ndani ya makasha makubwa ya mbao hadi Gilroy, ng'ambo ya milima. Inasimama huko mpaka leo, katika bustani iliyofunguliwa mwaka wa 2001. Kibanda cha telefone, ambacho kilikuwa kimekauka, kimewekwa katika jumba la makumbusho mjini Baltimore.

Huko Meghalaya, kaskazini-mashariki mwa India, Wakhasi wanafuma mizizi ya miti hai juu ya mito mpaka iwe madaraja. Kazi anayoianza babu humaliziwa na mjukuu, kwa hiyo ujuzi wao hauzikwi na mtu mmoja. Erlandson alifanya peke yake. Wale ambao leo wanakuza viti na meza kutoka miti hai, huko Australia na Uingereza, imewabidi waanze upya, wakijaribu na kukosea kwa miaka mingi, kutafuta kile ambacho mkulima wa Turlock alikijua tayari.